Taa ya Bi Pili na Salamu za Alhamisi

Vijana wangu wa kitengo, nimesikia mmeikuta. Wiki moja tu tangu nistaafu na kukabidhi funguo za ofisi, mmeshapekua droo yangu mpaka chini na mmeikuta ile fomu ya Mbagala. Nimeambiwa mmoja wenu ameipiga picha na inazunguka kwenye simu. Inasema: "Hali ya sasa: kelele bado ipo. Mlalamikaji ameridhika. Faili lifungwe." Saini yangu iko pale chini, safi kabisa. Mnasema Mzee Bakari alikuwa ameshachoka, anasubiri keki ya kuagwa. Sikuwa nimechoka, na keki yenyewe ilikuwa kavu.

Ndiyo maana nimekaa hapa barazani kwangu Temeke na daftari la mjukuu, niwaandikie mwenyewe mambo yalivyokuwa kabla hamjaanza kuyatunga. Habari za vyeo sitazigusa. Nilipata viwili, na cha pili nilipewa kwa sababu aliyekuwa nacho alihama. Nitasema za kazi.

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa tai. Nilikuwa nimetoka chuoni, najua nitakaa kwenye chumba cha kiyoyozi mbele ya mitambo yenye vitaa vyekundu na kijani. Aliyenipokea ni Mzee Mushi, Mchaga mrefu, mkimya, anayetembea na chupa ya chai kwapani. Akaitazama tai, akavitazama viatu. "Tai utaivua mwenyewe," akasema. "Viatu kabadilishe." Kufika mchana nilikuwa nimesimama kwenye matope ya Tandika, nyuma ya mashine ya kusaga, tai iko mfukoni na nimemshikia redio.

Kazi yetu, kwa atakayesoma daftari hili bila kutujua, ni kutafuta kelele. Mtu akilalamika kwamba redio yake inakoroma, sie tunakwenda kutafuta ni kitu gani kinaikoromesha. Kwenye karatasi kitengo kina jina refu, lina neno mwingiliano ndani yake. Mitaani tunaitwaga watu wa kelele. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mumewe analipwa kusikiliza redio mbovu, na sikuwahi kupata jibu zuri la kumpa.

Ofisi ilikuwa na mitambo mizuri, sikatai. Ila mtambo unataka gari, gari linataka mafuta, na mafuta yanataka saini tatu. Mzee Mushi yeye alitumia redio ndogo ya mfukoni, imefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli isifunguke mgongo. Anaiweka kwenye masafa ya kati, anaishika mlalo, anaizungusha taratibu huku amefumba macho. Kelele ikipungua ghafla, ncha ya redio ndiyo inayoelekea inakotoka. Unatembea hatua kadhaa, unazungusha tena. Alipostaafu na kurudi kwao Moshi aliniachia ile redio, na mie nimewaachia nyie. Iko kwenye droo ileile mliyopekua, lakini hiyo hakuna aliyeipiga picha.

Na aliniachia kanuni moja: anza kwa anayelalamika. Kuna jamaa wa Segerea aliyetuandikia barua ya kurasa nne kwamba gerezani wamefunga mtambo wa kuzuia simu, na ndio unaomharibia taarifa ya habari. Alichora na ramani. Tulipofika, Mzee Mushi ramani hakuitazama. Aliomba maji, akanywa, akaomba aonyeshwe swichi kubwa ya umeme wa nyumba, akaizima. Redio ya betri iliyokuwa mezani ikaacha kukoroma, na mtangazaji akasikika anasema habari za bei ya korosho. Kelele ilikuwa inatoka chumba cha nyuma, kwenye kasha la kutotoleshea vifaranga alilolinunua mwenyewe. Jamaa kwa aibu alitupatia trei ya mayai, na Mzee Mushi aliipakata njia nzima akiwa na wasiwasi kwamba yatatotoka.

Tangu siku ile, kila nyumba niliyoingia nilianza kwa kuzima swichi kubwa. Kelele ikikata, kosa ni la mwenye nyumba. Isipokata, kosa ni la jirani. Niliishika kanuni hiyo kwa miaka thelathini na moja, mpaka mwaka wa mwisho ikaniumbua.

Zamani kelele zilikuwa chache na kubwa. Mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea, feni bovu la hotelini. Unaisikia kwa masikio yako kabla hujawasha redio. Halafu zikaja taa za LED. Sizisemi vibaya, na mie ninazo ndani. Ila kila moja ina kisakiti kidogo tumboni kinachokatakata umeme, na katika kukatakata huko kinazaa mawimbi. Taa iliyotengenezwa vizuri ina kichujio cha kuyazuia. Taa ya kuokoteza haina, maana kichujio ndicho kitu cha kwanza mwenye kiwanda anachokiruka. Basi tukatoka kwenye kutafuta mashine moja ya kusaga kwa kata nzima, tukaingia kwenye kutafuta taa moja kati ya taa za mtaa mzima.

Sasa nije Mbagala.

Malalamiko yaliletwa kwa simu: bibi mmoja, redio haisikiki. Nikaenda Jumanne saa nne asubuhi, nikakuta redio inasema kama inalipwa. Nikaandika hakuna tatizo, nikanywa maji, nikarudi ofisini. Ijumaa mwenye redio akaja mwenyewe. Bibi mfupi, mweusi wa kung'aa, amejitanda khanga, na redio kaifunga kwenye khanga nyingine na kuipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Huyo ndiye Bi Pili.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika kwamba sina tatizo?"

"Nilikuta inasema vizuri, mama."

"Ulikuja saa nne. Saa nne hata mie goti haliniumi. Kelele inakuja magharibi. Nyie magharibi mnakuwa wapi?"

Magharibi tunakuwa tumeshafika makwetu, na hilo sikumwambia. Nilimvutia kiti. Akakaa, akaifungua redio, akaiweka mezani kwangu juu ya mafaili, ndipo akanieleza kisa chenyewe.

Bi Pili ana mdogo wake, Omari, wa tumbo moja. Bi Pili yuko Mbagala, Omari yuko Mwananyamala, jiji ni hilihili moja. Hawajasemeshana miaka tisa. Omari aliozesha binti yake, na mwaliko wa arusi akamtumia dada yake kwa meseji.

"Kwa meseji," Bi Pili akarudia, akaninyooshea kidole kama mie ndiye niliyeituma. "Mie shangazi wa bibi arusi. Mie wa kumfunda mtoto, wa kumtoa nje, wa kukaa kitako na akina mama wenzangu. Hakuja mwenyewe, hakutuma mtu. Meseji, ileile waliyotumiwa watu wa vyombo na watu wa maturubai. Arusini sikwenda, na namba yake nikaifuta."

"Kwa hiyo hamwongei kabisa?"

"Tunasalimiana redioni."

Nyie vijana mnaosalimiana kwa vikatuni hamtanielewa hapa, kwa hiyo nafafanua. Kuna stesheni moja ya masafa ya kati ambayo kila Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni ina kipindi cha salamu. Msikilizaji anajaza kadi: jina lake la kipindi, majina ya anaowasalimu, na mwisho kabisa ujumbe. Mtangazaji anaisoma yote. Bi Pili hapo anaitwa Mama Vitumbua wa Mbagala. Omari ni Mzee wa Kahawa Chungu wa Mwananyamala. Kwa miaka tisa wamekuwa wakitajana kila Alhamisi, kila mmoja akimweka mwenzake namba moja kwenye orodha, na kwenye ujumbe wanapigana vijembe. Omari anasema, ujumbe, vitumbua vya siku hizi nazi wameisahau sokoni. Wiki ya pili Bi Pili anajibu, ujumbe, anayelalamikia vitumbua akaangalie meno yake.

"Redioni anakutaja kwa jina, watu wote wanasikia," Bi Pili akaniambia. "Hiyo ni heshima. Si mambo ya meseji."

Shida ilikuwa hii. Kama miezi miwili nyuma umeme ulikata, Bi Pili akajikwaa gizani uani, akaanguka, akaumia goti. Alhamisi ile akapeleka kadi yenye ujumbe usio na kijembe hata kidogo: nimeanguka, nauliza kama nina ndugu. Ikasomwa, akaisikia mwenyewe. Alhamisi iliyofuata akakaa mbele ya redio kusubiri jibu la Omari, na redio ikaanza kukoroma. Tangu hapo Alhamisi sita zimepita na hajasikia kitu zaidi ya kelele. Hajui kama amejibiwa.

"Si umuulize mtu mwingine anayesikiliza?"

Akanitazama kwa huruma. "Nigonge kwa jirani, nimuulize, samahani, eti mdogo wangu amenisalimu? Mie?"

Akafungua pochi, akatoa kadi ya salamu iliyokwisha kujazwa kwa kalamu nyeusi. Akanipa nisome. Majina yalikuwa mengi na la Omari halimo. Ujumbe: Mzee wa Kahawa Chungu asinitaje tena, na mie simtaji.

"Alhamisi ijayo nitasikiliza mara ya mwisho," akasema. "Nisiposikia jibu, Ijumaa asubuhi naipeleka. Ikishasomwa hewani haifutiki. Kwa hiyo, mwanangu, fanya kazi yako."

Nimepewa muda wa mwisho na mawaziri, nimepewa na wenye redio zao wakubwa. Hakuna ulionitoa jasho kama ule. Nilimsindikiza mpaka kituoni nikiwa nimembebea redio.

Jumatatu jioni nikaenda Mbagala na redio ya Mzee Mushi mfukoni. Sebule ya Bi Pili ni ndogo: makochi yenye vitambaa, kabati la vyombo, na juu ya kabati ile redio yake inayotumia betri. Nyuma ya kabati kuna ukuta, na upande wa pili wa ukuta ni chumba chake cha kulala, mlangoni kuna pazia zito. Nikamuuliza swali la kawaida: kuna kitu gani kipya kimeingia ndani ya nyumba hivi karibuni?

"Hakuna kipya humu zaidi ya maumivu ya goti."

Nje bado kulikuwa kweupe. Ilipogonga saa kumi na mbili na robo akainuka, akasema nyumba haiachwi giza magharibi, akapita kuwasha taa ya barazani, ya sebuleni na ya chumbani. Nikiwa namtazama, redio ikaanza: krrrrr, nzito, haina pumzi. Nikageuka dirishani. Saluni ya kinyozi iliyo ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bi Pili ilikuwa imewasha papo hapo taa za mkanda kuzunguka mlango mzima, nyekundu, bluu, zambarau, zinakimbizana. Moyoni nikasema huyu hapa.

Lakini kanuni ni kanuni. Nikazima swichi kubwa ya Bi Pili. Taa ya barazani ikazima, ya sebuleni ikazima, redio ya betri ikaendelea kukoroma vilevile. Nyumba haina kosa. Nikavaa viatu, nikaenda kwa kinyozi.

Anaitwa Sadiki. Kijana mchangamfu, amejichonga ndevu kwa rula. "Shikamoo mzee. Karibu, foleni fupi."

"Marahaba. Sijaja kunyoa. Zima taa zako."

"Zipi?"

"Zote za rangi."

"Mzee, hizo taa ndiyo saluni yenyewe. Bila hizo mtu atajuaje kama kuna kinyozi?"

"Zamani walijua kwa kuona watu walionyolewa."

Akazima, kwa adabu tu. Bi Pili alikuwa amesimama dirishani na redio mkononi. "Imepungua kidogo," akasema. Nikafurahi. Baada ya dakika moja akasema, "Kidogo sana."

Jumanne nikazimisha duka la dawa na fundi simu. Jumatano, kwa kuwa nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nikapita mlango kwa mlango na kitambulisho, nikawaomba wote upande ule wa mtaa wazime swichi kubwa kwa dakika tano. Wakazima. Mtaa ukawa kimya, muziki wa singeli ukakata katikati ya neno. Kwa Sadiki kulikuwa na mteja amenyolewa nusu kichwa, ametoka nje na shuka shingoni, ananiangalia. Akina mama wameshika viuno. Nikiwa barabarani nikamwita Bi Pili kwa sauti, vipi?

"Bado," akajibu kutoka dirishani. "Tena sasa hivi kelele inasikika vizuri zaidi."

Yule wa nusu kichwa akauliza kwa sauti ya kutosha mimi nisikie kwamba huyu mzee ametoka ofisi gani. Nilirudi nyumbani bila kuaga mtu.

Alhamisi asubuhi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu Mzee Mushi astaafu. Nikampigia simu huko Moshi kumwambia nimeshindwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, nasikia anavyokunywa chai.

"Ulianzia nyumbani kwake?" akauliza.

"Nilizima swichi kubwa, mzee."

"Sijakuuliza swichi. Ulipita ndani na redio?"

Nikasema sikupita.

"Bakari," akasema, "siku hizi kuna vitu vinawaka umeme ukiwa umezimwa." Kisha akauliza habari za watoto.

Nikafika Mbagala saa kumi na mbili kasoro robo. Safari hii binti yake Bi Pili alikuwepo. Anaitwa Rehema, mwalimu, siku nyingine hurudi kipindi kimeshakwisha, lakini siku ile aliomba kuondoka mapema kwa sababu ya ile kadi. Kadi yenyewe ilikuwa mezani, tayari iko ndani ya bahasha. Bi Pili amevaa vizuri kabisa, na uso kaukaza.

Saa kumi na mbili na robo akawasha taa zake. Krrrrr. Nikatoa redio ya mfukoni, nikafumba macho kama nilivyofundishwa, nikazungusha. Kelele ikafifia, nikafumbua. Ncha ilikuwa inaelekea kwenye kabati. Nikasogea kando, nikazungusha tena. Pazia la chumbani.

Hapo nikagundua upumbavu wangu wa siku tatu. Nilizimisha mtaa mzima, nikamtoa mtu saluni na nusu kichwa, kisa ni chumba nilichokuwa nimekipa mgongo muda wote. Wala sikukisahau. Chumbani kwa mama mtu mzima hakuingiwi, na mie nimelelewa Temeke na bibi aliyekuwa anarusha kandambili. Kwenye akili yangu kile chumba hakikuwa sehemu ya nyumba.

"Bi Pili, chumbani kuna nini kinachowaka?"

"Taa."

"Inawaka nikizima swichi kubwa?"

"Inawaka. Ile haizimiki umeme ukikata, ndiyo uzuri wake."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulisema tuzime umeme. Ile haitumii umeme, inawaka yenyewe."

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Nikampa Rehema redio ya mfukoni, nikamwambia aingie nayo. Tukaisikia inanguruma nyuma ya pazia, kila hatua inazidi. Nikamwambia aifungue hiyo taa aje nayo. Akatoka ameishika kitakoni, na taa inawaka mkononi mwake. Mmewaona wachuuzi wanavyoziuza, wanalowesha kidole, wanagusa kitako, inawaka. Ndizo hizohizo za chaji. Mkono wa Rehema ulikuwa na jasho. Alivyokuwa anasogea kwenye kabati redio ya mama yake ikaanza kulia kama inachinjwa.

"Astaghfirullah," akasema Bi Pili, akarudi nyuma hatua moja.

Nikaichukua kwa upande wa kioo, vidole vikiwa mbali na kitako. Ikazima, na redio ikanyamaza. Katikati ya ukimya ule mtangazaji akasikika, sauti safi, anasema muda si mrefu ni kipindi cha salamu. Bi Pili akakaa kwenye kochi polepole, mkono mmoja kifuani.

Na mie, badala ya kunyamaza, nikaanza kutoa mhadhara. Mnanijua. Nikainua ile taa, nikasema hii ni takataka, haina kichujio, haina chochote, aliyeinunua hii ameuziwa kelele na boksi lake, watu wa namna hii ndio wanaotuharibia masafa. Rehema alikuwa ananikodolea macho, ananitikisia kichwa. Nikadhani anakubaliana nami.

"Ulinunua wapi, mwanangu?" Bi Pili akamuuliza. "Si ulisema Kariakoo?"

Rehema akafungua mdomo. Mtangazaji akamtangulia.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Chanika. Ya pili Kigamboni. Bi Pili anahesabu kwa vidole, midomo inachezacheza. Ya tatu, ya nne, ya tano. Niliitazama bahasha mezani, nikajikuta naomba dua, mie ambaye kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kuwatafutia watu ukimya tu.

Ya sita: Mzee wa Kahawa Chungu, yupo Mwananyamala. Anamsalimu Mama Vitumbua wa Mbagala. Orodha ikaishia hapo, jina moja tu. Hata mtangazaji alishangaa kidogo, akasema huyu mzee siku hizi ana mtu mmoja. Halafu akasoma ujumbe, na nitauandika kama nilivyousikia.

"Ujumbe: Dada, hii ni Alhamisi ya saba nauliza. Niliposikia umeanguka gizani nikanunua taa isiyozimika, nikampa Rehema akufungie chumbani, nikamwambia asiseme imetoka kwangu mpaka nikwambie mwenyewe hapa. Hunijibu. Kama umeitupa, sema umeitupa. Na ile arusi nilikosea, dada. Nilitakiwa kuja mwenyewe."

Mtangazaji akapiga muziki.

Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ya watu na takataka isiyo na kichujio mkononi. Rehema alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Wiki saba mdogo mtu anaomba radhi hewani, na kila anapoomba, taa yake mwenyewe inamziba mdomo, futi tatu kutoka masikioni mwa dada yake.

Bi Pili akanyoosha mkono. "Nipe."

Nikampa. Vidole vyake vikagusa kitako, ikawaka, redio ikalipuka krrrrr. Hakuiachia. Akaigeuzageuza usoni, anaitazama kama mtu anayesoma barua.

"Kairudishe pale ilipokuwa," akamwambia Rehema.

"Mama," nikasema, "ikirudi pale redio haitasikika tena. Ngoja niwaletee nyingine nzuri, Omari hatajua."

"Nyingine hakuinunua yeye."

Rehema akaipeleka chumbani, mwanga ukatokea pembeni mwa pazia, na redio ikaendelea kukoroma juu ya kabati. Bi Pili akaichukua ile bahasha, akaikunja mara mbili, akaitia chini ya mguu wa meza, ule unaochezacheza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Rehema, nipigie Omari. Najua namba yake unayo."

Ndivyo fomu ile ilivyoandikwa, vijana, na kila neno lake ni la kweli. Taa ile haina kichujio mpaka leo. Sadiki nilimwomba radhi kesho yake na taa zake za mkanda zikarudi. Alininyoa bure, na upande mmoja aliupunguza kuliko wa pili, nadhani kwa makusudi.

Na ile simu ya Omari iliita mara mbili tu. Bi Pili aliishika kwa mikono yote miwili, wala hakuanza kwa salamu. "Omari," akasema, "taa yako inakoroma." Upande wa pili sauti ikaanza kusema haraka haraka, inakatika, inaanza tena. Bi Pili akaibana simu sikioni, akaziba sikio la pili kwa kiganja, akakunja uso. Kisha akanigeukia mie, mtu wa kelele, niliyekuja kwa ajili ya redio yake.

"Mwanangu, zima hilo liredio," akasema. "Simsikii mdogo wangu."